Mwanga Usiosogea

Mimi ni mtu wa kushuku. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa kwa miaka mingi nilijisifu. Nikinunua maparachichi sokoni Thika nayabonyeza moja moja mpaka mwenye meza ananuna na kuniuliza kama ninayaposa. Mgeni akiisifu chai yangu, najiuliza anataka kuniomba nini. Nilipokuwa nikifundisha kemia katika shule moja ya Ruiru, wanafunzi walinipa jina la utani ambalo sitalitaja hapa, ila lilihusu polisi. Kwa hivyo siku chupa yangu ilipowaka buluu katika chumba cha giza cha maabara, na wenzangu wakapiga makofi, mimi nilikunja uso.

Nieleze kwanza ilikuwa chupa ya nini. Mwajiri wangu alikuwa amenipa likizo ya masomo, nami nikajiunga na chuo kikuu kimoja kando ya barabara kuu ya Thika. Profesa aliyenisimamia alikuwa na ndoto iliyomnyima usingizi: taa za bei ya mwananchi, ambazo hazitegemei madini adimu yanayochimbwa mbali wala kemikali za sumu zinazotupwa dampo taa ikishakufa. Aliamini mwanga huo ungeweza kutoka katika takataka zetu wenyewe. Unachukua kitu kilichokuwa hai, majani au maganda, unakipika na maji ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa kabisa, katika oveni yenye moto mkali, kutwa nzima. Ukifungua unapata maji yenye rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Ndani ya maji hayo mna chembe za kaboni, ndogo kiasi kwamba hadubini ya shule haizioni. Ukizimulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, na ukiwa na bahati, zenyewe hutoa mwanga wa rangi nyingine. Mwanga huo ndio tuliokuwa tukiutafuta, tuunase, tuupake kwenye kioo chembamba, uwe taa.

Kazi tuliigawana. Mimi nilikuwa mpishi. Mwenzangu, kijana wa Gatongora aliyekuwa akisomea uzamivu kama mimi, aliyachukua maji niliyoyapika, akayageuza kuwa utando mwembamba na kuuunganisha na waya na umeme. Shahada yake ilikuwa imekalia mabega ya shahada yangu. Bila chupa zangu hakuwa na taa, na bila taa yake mimi nilikuwa mama wa makamo anayechemsha maganda.

Maganda yenyewe yalikuwa ya nanasi. Thika haikosi mananasi, na karibu na steji ya matatu kuna mama anayeuza juisi, ambaye alikuwa akiniwekea maganda kwenye gunia. Prof, ndivyo sote tulivyomwita, alisisitiza kwamba lazima yakaushwe kwa jua. Oveni ya maabara ilikuwepo, lakini alisema teknolojia ya bei nafuu inayoanza kwa kula umeme ni mzaha. Basi nikawa nayaanika nyumbani, juu ya paa la ploti, jengo la vyumba vya kupanga nilimoishi Witeithie, kwenye trei za waya nilizotengenezewa na fundi. Paa hilo ndilo uwanja wetu wa wote. Kuna tangi la maji, kuna kamba za nguo, kuna sufuria za mboga za mtu fulani ambaye hajawahi kujitambulisha.

Siku ya mwanga wa kwanza, Prof alinishika mikono yote miwili. "Mwalimu, hii ni kitu! Hii ni kitu kabisa!" Kijana akapiga picha. Mtu akatuma zile picha kwingine, na jioni hiyohiyo wageni wa mradi, wale waliokuwa wakiifadhili maabara yetu kutoka mbali, walijua. Wakasema watakuja kuona kwa macho yao.

Hapo ndipo shingo yangu ilipowekwa kwenye kamba. Likizo yangu ya masomo ilikuwa inaelekea ukingoni. Prof aliniambia wazi kwamba wageni wakiridhika, ataweza kuniombea muda zaidi nimalize. Wasiporidhika, muhula ukifunguliwa nitarudi darasani na tasnifu nusu. Niliwafahamu walimu waliorudi na nusu. Nusu hiyo ilikaa kabatini mpaka walipostaafu, na ukiwatembelea watakuonyesha kabati, hawatakuonyesha tasnifu. Mimi sikutaka kuwa na kabati kama hilo.

Nikapika tena. Maganda ya mama yuleyule, maji yaleyale, moto uleule. Nikafungua chungu, nikamimina, nikamulika. Palitoka kamwanga ka kijivukijivu, kama macho ya mtu mwenye malaria. Nikapika tena, hali ileile. Kisha, wakati nimekata tamaa, chungu kingine kikatoa buluu safi ya kutia wazimu, na kijana akaruka. "Madam, umerudi kwa game! Ulibadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu."

Akanitazama kwa jicho moja dogo kuliko lingine. "Ati hujabadilisha kitu."

Hakuniamini. Mimi nami sikumwamini yeye. Alikuwa na ufunguo wa friji ya chupa, na nilianza kujiuliza kama hizo zilizokuwa hafifu zilikuwa kweli zangu. Labda alikuwa akinibadilishia, aweke nzuri pembeni kwa ajili ya taa zake, aniachie makapi. Nilianza kuzihamisha chupa zangu hadi kwenye droo niliyoifunga kwa kufuli yangu mwenyewe. Aliiona kufuli. Kuanzia siku hiyo akaacha kuniletea chapati kutoka kwa mama wa kibanda, jambo alilokuwa akilifanya bila kuombwa. Maabara ikawa baridi. Tulisalimiana "habari ya asubuhi" kama watu wawili wanaosubiri kesi.

Mama wa juisi naye sikumwacha. Nilimfuata Thika nikamkaba kwa maswali: mananasi haya yanatoka shamba gani, yamepigwa dawa gani, umeyaosha na nini. Aliacha kumenya, akashika kisu hewani. "Wee mwalimu, haya ni maganda. Nilikuwa nayatupia ng'ombe. Ukitaka yenye birth certificate, tafuta kwingine." Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nilichukua gunia langu nikaenda, uso umenisawijika.

Jambo lililonikosesha raha kuliko yote lilikuwa tabia ya mwanga wenyewe. Chembe za kaboni zina desturi yao. Ukibadilisha rangi ya taa unayozimulika, nazo hubadilisha rangi zinayokurudishia, mwanga husogea polepole kutoka buluu kuelekea kijani. Si kila mara, lakini mara nyingi, na hiyo ni mojawapo ya njia za kuzitambua. Wangu haukusogea. Niliumulika hivi, niliumulika vile, kwenye mashine inayochora mwanga kwa mstari, kilima cha buluu kilibaki palepale kimekaa kitako kama mwenye nyumba.

Nilimwonyesha kijana. Akasema upesi, "Labda zetu ni special."

Nilimwonyesha Prof. Naye akasema upesi, "Inaweza kutokea, mwalimu. Fasihi inaruhusu." Fasihi kwake ilikuwa maandishi ya wanasayansi wengine, na ni kweli yanaruhusu mambo mengi. Lakini ule upesi niliuweka moyoni. Mtu anayeulizwa swali gumu hukuna kichwa kwanza. Hawa wawili hawakukuna.

Siku moja, tukiwa tumezima taa kupima, niliinua mkono kuwasha tochi na mkono wa koti langu la maabara ukapita mbele ya mwanga. Uliwaka. Buluu. Buluu ileile, pacha wa ile ya chupani. Kila mtu aliyewahi kuingia disko anajua shati jeupe hung'aa chini ya taa za zambarau, na mimi mwalimu wa kemia nilijua hata kwa nini: sabuni ya unga ina dawa ya kung'arisha, ambayo inakamata mwanga tusiouona na kuurudisha buluu, ili macho yadhani nguo ni nyeupe kuliko ilivyo. Nilikata kauzi katika upindo wa koti, nikakaloweka, nikayapima maji yake. Kilima kilikaa palepale. Hakikusogea.

Nilikaa kwenye kiti cha mashine kwa muda, kijana akiniuliza kama naumwa, nami nikimjibu kwamba ni njaa.

Sabuni, basi. Lakini sabuni ilitoka wapi? Jibu la kwanza la mtu kama mimi linajulikana. Nilimtazama yule kijana mgongo wake alipokuwa ameinamia waya zake na nikawaza: ni wewe. Umetia sabuni kidogo ili taa yako iwake, wageni waje, upate shahada uende zako ng'ambo, na mimi nibaki na aibu. Niliwaza hivyo kwa uzito kabisa, hata nikaanza kupanga maneno ya kumshtaki. Kwanza nikajaribu vyombo. Nikaviosha vyote mimi mwenyewe kwa maji matupu, nikavisuuza, nikavisuuza tena, nikapika nikiwa nimelinda chungu kama kuku anayeatamia. Chupa ikawaka buluu. Kijana hakuwa amekanyaga maabara siku hiyo. Alikuwa amekwenda matanga Murang'a.

Nilirudi Witeithie nikiwa sina tena wa kumshuku, na hiyo ni hali mbaya kwa mtu wa aina yangu.

Wiki hiyo ploti haikuwa na maji. Pampu ya kisima cha mwenye nyumba ilikuwa na mazoea ya kufa na kufufuka, na ikifa tulinunua kwa mitungi kutoka kwa vijana wa mikokoteni, tukayatumia kwa uchoyo. Ya kufulia yakawa ya kupigia deki, ya kupigia deki yakawa ya choo. Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipopanda juu kuingiza trei zangu. Kamba zote zilikuwa zimejaa nguo za jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa mapacha, ambaye ploti nzima ilimwita Mama Twins. Mashati meupe ya shule, soksi nyeupe, vesti. Zilikuwa bado mbichi. Na zilikuwa zikidondoka, tone baada ya tone, juu ya maganda yangu.

Nilisogea karibu. Tone moja lilikuwa na kapovu. Likaanguka juu ya ganda, kapovu kakapasuka, pakabaki alama nyeupe. Nikaona alama nyingine kama hiyo, na nyingine, maganda yote yamepata madoadoa.

Nilishuka mbio kuchukua tochi ya zambarau, ambayo siku hizo haikutoka mkobani mwangu, na blanketi, kwa sababu bado kulikuwa na mwanga wa jua. Nikajifunika blanketi pamoja na trei na kipande cha kamba, nikawasha. Mle ndani paliwaka kama sherehe. Soksi zilikuwa buluu, mashati yalikuwa buluu, na maganda yangu yalikuwa na nyota za buluu kila mahali tone lilipoangukia. Nilisahau nilipo. Nilikamata vesti ya mtoto nikaikamua juu ya kiganja changu na kumulika kiganja.

"Haiya! Ni nini hiyo unafanya na nguo za watoto wangu?"

Nilitoka chini ya blanketi nywele zimesimama, tochi mkono huu, vesti mkono ule. Mama Twins alikuwa amesimama mlangoni mwa ngazi na beseni kiunoni. Nyuma yake walikuwa wamejaa akina mama wengine, na nyuma yao keyateka, msimamizi wa ploti, ambaye sikuwahi kumwona akipanda ngazi kwa kasi vile, hata siku ya moto.

"Si vile unafikiria," nikasema. Hakuna maneno yanayomtia mtu hatiani upesi kama hayo.

"Sijafikiria kitu bado, mwalimu. Wewe ndio uniambie nifikirie nini."

Na hapo yakatoka yote. Kumbe miezi yote hiyo nikimshuku huyu na yule, ploti nzima ilikuwa ikinishuku mimi. Mwalimu mzima anabeba magunia ya maganda kutoka Thika. Anayaanika, hayali, hafugi ng'ombe. Yakikauka anayaingiza kwenye begi anaondoka nayo asubuhi. Keyateka alikuwa na hakika napika chang'aa mahali fulani, na alikuwa akingoja tu ajue ni wapi, nadhani ili aonje. Mama mmoja alisema yeye tangu mwanzo alijua ni mambo ya giza, na sasa tochi ya zambarau imethibitisha. Mtu ambaye anashika nguo za ndani za watoto wa wenyewe, jua likizama, chini ya blanketi! Aliuliza kwa sauti ya kanisani kama kuna anayehitaji ushahidi zaidi.

Nilikasirika. Ningeliweza kucheka, lakini nilikasirika kweli, nikahisi machozi yananijia. Kazi yangu yote ilikuwa imezama kwenye beseni la mwanamke huyu na sasa yeye ndiye alikuwa ananihukumu. Nikamwambia Mama Twins aingie chini ya blanketi pamoja nami. Wengine wakamkataza. Yeye akaweka beseni chini. "Nikipiga nduru, mnivute miguu," akawaambia, akaingia.

Nilimwonyesha soksi. Nilimwonyesha ganda lenye matone na ganda lisilo na matone. Nikamweleza kwa Kiswahili cha kawaida: ninatafuta taa ndani ya ganda, na sabuni yako imeniingilia kati, imenidanganya. Akaishika soksi, akaigeuza chini ya tochi. Blanketi lilikuwa na joto na harufu ya nanasi lililochacha.

"Maji yakikosekana nasuuza mara moja tu," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie. "Wakati mwingine sisuuzi. Nakamua naanika. Wewe hufanyanga aje?"

"Kama wewe."

"Na pampu ikiwa sawa nasuuza poa. Usiende huko university kusema sisi hatusuuzi nguo."

"Sitasema," nikamwambia. Kisha nikamshika mkono. "Hebu nikumbushe. Pampu ilikufa lini na lini?"

Mama anayefua nguo za mapacha hasahau siku zisizo na maji. Ilikufa ile wiki ya mitihani ya watoto, akasema. Ikafufuka. Ikafa tena wakati yule mpangaji wa chini alihama. Ikafufuka. Na sasa. Wiki ya mitihani ndiyo wiki niliyoanika maganda ya chupa ya kwanza. Mpangaji wa chini alipohama ndipo nilipoanika ya ile chupa iliyomrusha kijana. Mifereji ikitoa maji, chupa zangu zilikuwa hafifu. Mifereji ikikauka, ziliwaka.

Nilianika maganda mengine chumbani kwangu, dirishani, mbali na kamba, na mengine nikamwachia Mama Twins ayadondoshee kwa makusudi, jambo alilolifanya kwa bidii kubwa kuliko nilivyomwomba. Niliyapika yote. Ya Mama Twins yakawaka, ya dirishani hayakuwaka, au yaliwaka kidogo sana, ule ukijivu wa malaria. Sikuwa na la kusubiri tena. Wageni walikuwa karibu kufika.

Niliingia ofisini kwa Prof asubuhi nikamkuta na kijana, wanapanga chumba gani wageni waonyeshwe mwanga, viti vikae wapi. Nilifunga mlango. Niliwaambia kila kitu, mpaka blanketi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua Prof ataniambia tuwaonyeshe wageni kwanza, tutarekebisha baadaye. Nilijua kijana atasema nimeficha njia yangu nikaiuze kwingine. Nilikuwa na jibu la kila mmoja wao, jibu kali, nilikuwa nimelinoa usiku kucha.

Prof alivua miwani. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na hakuna aliyecheka. Kisha akasema, "Nilishuku."

"Ulishuku nini?"

"Siku ile ulinionyesha kwamba haisogei. Nilienda nyumbani nikawaza, hii inaweza kuwa kitu kingine. Uchafu fulani." Alikuwa akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Lakini wageni walikuwa wameshaambiwa. Nikasema acha kwanza."

Nilimgeukia kijana. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mimi nilijua kitambo, madam," akasema. "Si sabuni, hiyo sikujua. Lakini film zangu, zile tando, zilikuwa zinafifia zikikaa kwa jua. Zile za kwenye vitabu hazifanyi hivyo haraka. Nilidhani ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Nilidhani unaongeza kitu. Kwa sababu ya likizo yako. Nikasema huyu mama ako na shida zake, na mimi niko na zangu, wacha tu." Akafunga daftari lake. "Hata ukaweka kufuli. Nikajua ndio hivyo."

Sikupata mahali pa kuyaweka yale majibu yangu makali. Maisha yangu yote niliamini kwamba kushuku ni akili, kwamba mimi ninaona pale wengine wanapopiga makofi. Kumbe sote tulishuku. Sote tulipiga makofi. Kila mmoja alimtazama mwenzake na kuona mwizi, na kila mmoja akapanga maisha yake kwa uangalifu kuuzunguka huo wizi, mwanga wa uongo ukiwa katikati yetu, mzuri, hausogei. Niliwachukia wote wawili kwa dakika hiyo, na nilijichukia mimi pia, na sitasema kwamba hasira hiyo imeisha.

Wageni walikuja. Prof aliwaeleza yeye mwenyewe, amesimama, bila kuzunguka. Nilimheshimu kwa hilo na bado namheshimu. Alitaja sabuni. Hakutaja jina la ploti wala kwamba kuna watu hawasuuzi nguo, kwa sababu nilimwomba. Wageni walisikiliza kwa adabu, wakala samosa, wakauliza maswali machache ya watu walioanza kufikiria ndege ya kurudi. Mmoja alicheka kidogo kisha akajuta kucheka. Wakasema watawasiliana nasi.

Nyongeza yangu ya muda haikupatikana. Muhula ulipofunguliwa nilirudi Ruiru, darasani, ubaoni, na wanafunzi wapya wakalifufua lile jina la utani kabla sijamaliza wiki. Tasnifu niliiweka mezani. Kabati sikulinunua.

Likizo ya Agosti nilirudi chuoni. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na maganda niliyoyakausha ndani ya nyumba, sebuleni, juu ya kochi, mwanangu aliyerudi kutoka shule ya bweni akilalamika kwamba nyumba nzima inanuka soko. Niliyapika nikiwa nimevaa sweta la buluu badala ya koti jeupe. Kijana alinisaidia kufunga chungu. Alikuwa ameleta chapati, zimefungwa kwenye gazeti, akaziweka karibu na mkoba wangu bila kusema ni za nani.

Maji yalipopoa tuliingia chumba cha giza, Prof, kijana na mimi. Taa ikazimwa. Prof akawasha tochi ya zambarau akaisogeza kwenye chupa.

Nilimsikia kijana akipumua. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake, nilikujua kabisa kule kungoja.

"Mnaona?" Prof akauliza.

"Mimi sioni kitu, Prof," kijana akasema.

Nilitaka kumkumbatia. Katika chumba kile, hilo lilikuwa neno la kwanza mtu kusema bila kujua mwingine atasema nini.

"Mwalimu?"

Niliinamisha uso mpaka pua ikagusa kioo. Kulikuwa na kitu, cha kijani, karibu na kitako cha chupa. Au macho yangu yalitaka kiwepo.

"Naona kidogo," nikasema. "Lakini siwezi kuapa."

"Hata mimi siwezi," akasema Prof. Nilidhani sasa atafikia swichi, tuwashe, tuage, kila mtu ashike njia yake. Hakuifikia. "Basi tusiwashe taa," akasema. "Tungoje macho yazoee."

Tukangoja.